Stihl au Husqvarna? Kwa Nini Ugomvi wa Chenso Hauishi Nyanda za Juu Kusini

Mtu akiuliza katika kundi la WhatsApp la wenye mashamba ya miti, awe Mafinga, Njombe au Makete, anunue chenso gani, yaani msumeno wa mnyororo wa injini, ya kukatia misindano yake, ni nadra apate jibu, atapata ugomvi. Wa Stihl watamwambia kwamba nyingine zote ni za kuchezea, wa Husqvarna watamwuliza kama anatafuta mashine au anatafuta mzigo wa kubeba, kisha atajitokeza mwenye Mchina aseme kwamba yake ina miaka mitatu na haijawahi kufunguliwa, na hapo ndipo maneno yanapochacha. Aliyeuliza hunyamaza, na mara nyingi huishia kununua ile atakayoikuta dukani siku atakayokuwa na fedha.

Ni vizuri kufahamu kwanza ni nani wanaogombana. Wakataji wa kazi, wale wanaoangusha miti siku nzima katika vitalu vya shamba la miti la serikali la Sao Hill au kwenye mashamba ya watu binafsi, hawamo sana. Kwao msumeno ni jembe la kulipwa, wamepitisha mikononi aina nyingi, na ukiwauliza ubora wa chapa watakuuliza kwanza bei ya silinda yake. Wanaoshupaa ni wamiliki wa pembeni: mwalimu mwenye ekari mbili za misindano Kilolo, muuguzi aliyerithi mikaratusi ya baba yake Rungwe, mstaafu aliyerudi Mufindi na kuifanya chenso kuwa burudani yake ya Jumamosi. Mashine zao hufanya kazi siku chache kwa mwaka, kupunguzia miti, kukata kuni, kufungua njia mti unapoanguka. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida ametumia chenso moja tu tangu aanze, kwa hiyo anapoisifu hana cha kuilinganisha nacho, na kwa kuwa aliinunua kwa fedha nyingi, kukiri kwamba ya jirani ni nzuri vilevile kunamgharimu kidogo. Hilo ni jambo la kibinadamu na halihitaji kulaumiwa, lakini linaeleza kwa nini sauti kubwa kuliko zote katika mabishano haya mara nyingi ni za wenye uzoefu mdogo kuliko wote.

Kampuni mbili zinazogombewa zilianzia mbali sana na misitu yetu. Andreas Stihl alianzisha kampuni yake mwaka 1926 katika eneo la Stuttgart, Ujerumani, na misumeno yake ya awali ilikuwa mizito kiasi cha kubebwa na watu wawili. Husqvarna ilianza mwaka 1689 kama kiwanda cha silaha nchini Sweden, ikapitia cherehani na pikipiki kabla ya kutoa chenso yake ya kwanza mwaka 1959. Mwaka huohuo wa 1959 Stihl ilitoa Contra, msumeno wa mtu mmoja uliozungusha mnyororo moja kwa moja bila giaboksi, na kuanzia hapo kampuni hizo mbili zimekuwa zikitazamana. Kila moja ikileta kitu, mwenzake hachelewi kuiga: mipira ya kupunguza mtikisiko, breki ya mnyororo, vichujio vya hewa vinavyojisafisha, karbureta zinazojirekebisha. Miaka zaidi ya sitini ya kuigana hivyo imezifanya mashine za daraja moja zifanane kuliko wapenzi wake wanavyotaka kukubali.

Chukua mfano wa misumeno miwili inayobishaniwa sana na watu wenye miti mikubwa. MS 381 ya Stihl ina injini ya sentimeta za ujazo 72.2, 372 XP ya Husqvarna ina 70.7. Zote mbili hutoa takriban kilowati 4. Hakuna mtu, hata mkataji wa miaka ishirini, atakayefumba macho akate msindano wa sentimeta arobaini halafu aseme kwa uhakika ipi ilikuwa na nguvu zaidi, iwapo minyororo yote miwili imenolewa na mkono mmoja. Atakachokitambua ni mambo madogo ya mkononi. Stihl nyingi zina swichi moja inayofanya kazi zote za kuwasha, kuweka choki na kuzima, ilhali Husqvarna hutenganisha choki na kizimio. Vifuniko vya matanki vya Stihl za siku hizi hufunguliwa kwa kugeuza sikio bila kifaa, na asiyevizoea huviweka upande akamwagikiwa mafuta suruali nzima. Vya Husqvarna kwa kawaida ni vya kuzungusha. Hizo ni tofauti za kweli, na mtu ana haki ya kupenda moja, lakini ni mapendeleo ya mkono uliokwisha kuzoea.

Jambo jingine linalovuruga ubishi ni kwamba baadhi ya chapa zinazopambanishwa ni ndugu wa nyumba moja. Electrolux ya Sweden iliinunua Husqvarna mwishoni mwa miaka ya 1970, ikachukua pia Jonsered na Partner, na baadaye McCulloch ya Marekani ikaingia katika kundi hilo. Husqvarna ilipojitenga mwaka 2006 iliondoka na chapa hizo. Kuna Jonsered nyekundu ambazo ukizivua plastiki unakutana na Husqvarna. Vivyo hivyo mnyororo. Minyororo mingi duniani hutengenezwa na kampuni ya Oregon ya Marekani, iliyoanzishwa na Joe Cox mwaka 1947 baada ya kuona jinsi buu wa mdudu mla miti anavyotafuna mbao kwa taya zinazokwenda kushoto na kulia, akabuni jino la mnyororo kwa kuiga taya hizo. Stihl ina kiwanda chake cha minyororo huko Wil, Uswisi, lakini wamiliki wengi wa Stihl huku kwetu, mnyororo wa kwanza ukishakwisha, hufunga wowote unaopatikana, kisha huendelea kuyasifu au kuyalaani makali ya Stihl.

Sasa tuje kwenye mambo ambayo lawama zake huangukia chapa bila kosa.

La kwanza ni hewa ya kwetu. Mafinga na Njombe ziko juu kwa takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, Mbeya mjini takriban 1,700, na sehemu kubwa ya Makete hupita 2,000. Katika mwinuko wa mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya Dar es Salaam. Karbureta ya kawaida haijui habari hiyo. Inaendelea kumimina petroli kwa kipimo kilekile ilichowekewa pwani au kiwandani, hewa inayoingia ni pungufu, na matokeo yake ni mchanganyiko uliozidi mafuta: msumeno unatoa moshi, plagi inakuwa nyeusi na yenye unyevu, sauti inakuwa nzito yenye kukatakata, na nguvu inapungua. Mwenye mashine mpya iliyoletwa kutoka Kariakoo anawasha mara ya kwanza shambani Makete, anaona inakohoa, anarekodi video na kuipeleka kundini yenye maneno kwamba chapa hii imekwisha. Kumbe inahitaji bisibisi tu: skrubu ya karbureta yenye herufi H igeuzwe kidogo upande wa saa, kwa vipimo vidogovidogo, huku ukisikiliza.

Hata hewa ikilingana na mafuta, sehemu ya nguvu itakuwa imepotea kwa sababu injini inavuta hewa haba, na hilo linazipata chapa zote sawasawa. Hatari kubwa zaidi iko njia ya kurudi. Msumeno uliorekebishwa Njombe ukabanwa mafuta, ukichukuliwa kwenda Kyela, ambako ni kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, unakutana na hewa nzito kwa petroli ileile iliyobanwa. Sauti inakuwa nyembamba na kali, mwenyewe anafurahi kwamba leo inazunguka kweli, na kabla ya tangi la pili kwisha pistoni imechubuka upande wa eksozi na injini imeshika. Fundi akiifungua ataonyesha michirizi ya wima kwenye pistoni, na jina la chapa litachafuliwa kuanzia Kyela hadi Uyole.

La pili ni oili. Misumeno ya sasa ya kampuni zote mbili huomba mchanganyiko wa 50 kwa 1 kwa oili nzuri ya injini za mapigo mawili, maana yake mililita 100 za oili katika lita 5 za petroli. Wazee waliojifunza kwa mashine za zamani na oili za zamani wanashikilia 25 kwa 1, yaani mara mbili yake, na wengine hupima kwa kifuniko cha chupa ambacho hakuna anayejua kinachukua kiasi gani. Wapo pia wanaotia oili ya pikipiki ya mapigo manne kwa sababu ndiyo iliyokuwapo nyumbani. Haya hayahitaji maelezo marefu: injini iliyokufa kwa oili isiyo yake imekufa kwa oili, na rangi ya plastiki yake haihusiki.

La tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalozaa ugomvi mwingi kuliko yote, ni mnyororo, na hapa inafaa kutulia. Chukulia mtu mwenye Husqvarna 372 na baa, yaani bapa la chuma ambalo mnyororo huzungukia, ya inchi 20. Anakwenda dukani, anasema anataka mnyororo wa inchi 20, wa 3/8, kipimo cha nafasi kati ya viungo. Muuzaji anauchukua, wanahesabu pamoja viungo vya kuendeshea, vile vinavyoingia ndani ya mfereji wa baa, vinafika 72. Baa ya Stihl ya inchi 20 ya 3/8 nayo huchukua 72. Kila kitu kinaonekana sawa. Tofauti iko kwenye unene wa viungo hivyo: baa nyingi za Stihl kubwa zina mfereji wa milimeta 1.6, na za Husqvarna mara nyingi ni 1.5. Mnyororo wa 1.6 hauingii kwenye baa ya 1.5, na huyo amenusurika, maana atarudi dukani. Mwenye bahati mbaya ni yule wa Stihl aliyeuziwa wa 1.5. Unaingia vizuri, unazunguka vizuri, lakini unayumba ndani ya mfereji, na baada ya muda msumeno unaanza kukata upinde. Unaanza wima na unamalizia umeegemea upande mmoja. Baa inalaumiwa, kisha mashine, kisha Ujerumani nzima.

Habari zote zilikuwa zimeandikwa. Mnyororo wa Oregon wa 3/8 una namba ndogo iliyopigwa kwenye kiungo cha kuendeshea: 73 ni wa milimeta 1.5, 75 ni wa 1.6. Kwenye baa vipimo vimechongwa karibu na mahali inapofungiwa, ila huwa vimefunikwa na mchanganyiko wa unga wa mbao na oili chafu, na wachache hujisumbua kuufuta.

Kunoa nako kuna mtego wake. Kwa mnyororo wake wa 3/8, Stihl huelekeza tupa ya duara ya milimeta 5.2, kwa minyororo mingi ya Oregon ya 3/8 ni 5.5. Anayetumia tupa moja kwa yote hupata jino lenye ndoano kali mno au butu mno, na hutangaza kwamba mnyororo wa kampuni fulani haushiki makali. Ongeza kwamba magogo yetu mengi huburutwa kwenye udongo kabla ya kukatwa vipande ili yapelekwe kwenye dingdong, mashine ndogo ya kupasulia mbao, na udongo ulioingia katika maganda humaliza makali ya jino kwa sekunde chache, liwe la Uswisi au la Marekani. Kipimo rahisi cha msumeno ulio butu ni kutazama chini: ukikata vizuri unatoa vipande vyenye umbo, ukiwa butu unatoa vumbi. Nimeshawahi kuona video za majigambo ambazo mashine iliyosifiwa ilikuwa inatoa vumbi tupu, huku mwenyewe akiigandamiza kwa uzito wake wote.

Kisha kuna Mchina, na hapa ubishi unachafuka kwa sababu jina hilo moja linabeba vitu vitatu tofauti. Kuna misumeno ya bei nafuu inayouzwa kwa majina yake yenyewe, ile ya namba kama 5200 na 5800, ambayo haijifanyi kuwa kitu kingine. Kuna nakala zinazofuata muundo wa mashine maarufu kama MS 660, ambazo vipuri vyake huingiliana na vya orijino. Ulinzi wa uvumbuzi huisha baada ya miaka, na muundo wa zamani unaweza kunakiliwa ilimradi jina lisiibwe. Na kuna feki kamili, zenye rangi ya chungwa na jina la Stihl, wakati mwingine likiwa na herufi moja iliyobadilishwa, zinazouzwa kwa mtu anayeamini amepata bei nzuri. Huyu wa mwisho ndiye anayelalamika kwamba Stihl ya siku hizi si kama ya zamani, na analalamika kwa dhati, kwa sababu hajui kwamba hajawahi kuwa nayo.

Mchanganyiko unazidi pale fundi anapobadilisha silinda na pistoni za mashine orijino kwa seti ya Kichina kwa kuwa bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile halisi. Tofauti kubwa hukaa mahali pasipoonekana, yaani ule mpako mgumu wa nikeli ndani ya silinda, ambao katika nakala za hovyo hubanduka mapema. Baada ya marekebisho mawili ya namna hiyo, chenso inayotetewa kundini kwa jina la chapa inaweza kuwa na mwili wa Kijerumani, moyo wa Kichina na mnyororo wa Kimarekani. Kwa nini basi watu wanunue nakala? Kwa mwenye ekari moja anayekata kuni mara chache kwa mwaka, hesabu inaweza kukubali, na kumcheka ni utovu wa adabu tu. Kwa anayetegemea msumeno uwake msimu wa kiangazi wakati mnunuzi wa miti ameshaleta lori, hesabu ni nyingine.

Baadhi ya watu huufananisha mvutano huu na utani wa Simba na Yanga. Mfanano huo unapotosha. Shabiki wa Yanga hahitaji kununua kipuri ili aendelee kushabikia, wala timu yake haiharibiki akiwa Ludewa mbali na fundi. Mwenye chenso anahitaji. Uaminifu kwa chapa, ukiondoa makelele, una msingi mmoja wa busara, nao ni kwamba mashine ni bora kiasi kile ambacho fundi wa karibu anaifahamu na vipuri vyake vinapatikana bila kusubiri basi la Dar es Salaam. Kijiji ambacho watu watano wana Stihl kina stata, klachi, mafuta ya kuazimana na fundi aliyekwisha kuifungua mara nyingi. Wa sita akinunua Husqvarna, hata kama ni nzuri zaidi kwa kila kipimo, atakuwa mpweke siku kamba ya kuwashia itakapokatika. Mahali pengine hali hugeuka, na Husqvarna ndiyo yenye wenyeji. Kwa hiyo jibu la mtu wa Mafinga linaweza kuwa sahihi Mafinga na likawa kosa Tukuyu, na wote wawili wakaendelea kubishana kana kwamba wanazungumzia jambo moja.

Msingi huo unaweza pia kuondoka bila taarifa ya mtumiaji. Dolmar ya Ujerumani ilitoa msumeno wa petroli mwaka 1927, ikanunuliwa na Makita ya Japani mwaka 1991, na mwaka 2022 Makita ikaacha kabisa kutengeneza mashine za petroli ili ibaki na za betri. Waliozipenda walikuwa na mashine nzuri na sababu nzuri, lakini kila mwaka unaopita kipuri kitazidi kuwa adimu.

Kuna mashine moja ambayo haiguswi katika mabishano kwa sababu pande zote huiheshimu, nayo ni Stihl 070, ya takriban sentimeta za ujazo 106, iliyotoka mwaka 1968 na ambayo wapasuaji mbao wengi wa nchi za joto wanaifahamu. Ni nzito, ni rahisi kuitengeneza, na inavumilia mateso. Heshima hiyo nadhani imepitiliza. Muundo wake ni wa kabla ya breki ya mnyororo kuwa jambo la kawaida, jambo lililokuja mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baa ikirushwa juu kuelekea usoni, jambo linalotokea pale ncha yake inapogusa kitu, hakuna kinachosimamisha mnyororo isipokuwa bahati. Katika majibizano marefu kuhusu nguvu na uimara, ni nadra kuona mtu akiuliza kama breki ya msumeno wake inashika, ingawa kuijaribu hakuchukui hata dakika moja: msumeno ukiwa chini kwenye ardhi, injini ikizunguka, sukuma ngao ya mbele kwa kifundo cha mkono bila kuachia mpini, na mnyororo usimame papo hapo. Usiposimama, hakuna chapa ya kujivunia hapo.

Mpaka wa kambi zenyewe nao unahama. Karibu na mwaka 2010 kampuni zote mbili zilianza kuuza misumeno yenye karbureta inayoongozwa na kompyuta ndogo, Husqvarna ikiiita AutoTune na Stihl M-Tronic. Hiyo hujipimia hewa yenyewe, kwa hiyo safari ya Njombe hadi Kyela haiiui tena. Kwa mazingira yetu ya milima na mabonde ni jambo kubwa kuliko kwa nchi tambarare. Lakini haina skrubu ya H, na ikikosea, bisibisi na sikio la fundi havitoshi. Inahitaji kifaa cha kuisomea, ambacho mafundi wengi wa vijijini hawana. Ndiyo maana katika mabishano ya siku hizi utamkuta mtu wa Stihl na mtu wa Husqvarna wamesimama upande mmoja, wote wakitetea mashine zenye skrubu dhidi ya vijana wao walionunua zisizo nayo.